Mgeni anaenda Kolo analala Dodoma mjini, ushuru wa chumba ni wa nani?

Dereva wa Kati:
Wakuu habari za muda huu. Mimi kazi yangu kupeleka wageni, juzi kati nilikuwa na Wajerumani wawili wamekuja kuona ile michoro ya miambani Kolo, iliyoingia UNESCO mwaka 2006. Tumelala Makole siku mbili, saa kumi na moja alfajiri tukaitafuta Kondoa, kule wameacha hela ya kiingilio na ya kijana aliyetupandisha mlimani na maji chupa nne, basi. Hata msosi tulibeba chipsi kuku toka mjini, tunakuja kuzila zimeshakuwa kama mpira. Jioni tukarudi kulala Dodoma. Sasa wakati nalipia vyumba dada wa mapokezi ananiambia humo kuna ushuru wa halmashauri, nikabaki najiuliza, yaani mgeni kavutwa na mawe ya Kondoa halafu ushuru anachukua Jiji? Kondoa wanapata nini hapo? Mkoa si ni mmoja, kwanini wasigawane?

Kikotoo:
Hakuna mgao mkuu. Ule ni mapato ya ndani ya halmashauri ambayo gesti imejengwa, umelala Makole ni hela ya Jiji, ungelala Bahi ingekuwa ya Bahi. Mkoa una halmashauri nane na kila moja ina mfuko wake na madiwani wake, mkoa wenyewe haukusanyi unasimamia tu. Halafu ukisema Kondoa useme Kondoa ipi maana ziko mbili, ya Mji na ya Wilaya. Kolo ni kata ya Mji, sawa na gesti za pale mjini. Kwahiyo wageni wako wangelala Kondoa mjini hela ingebaki kwa wenye michoro, ila mkilala Dodoma wanaambulia kukupungia mkono tu. Na ile tozo ya utalii ya dola moja na nusu kwa kichwa kwa usiku kwenye mahoteli, ile ni ya serikali kuu, jiji wala wilaya hawaigusi.

Mama Vyumba Tisa:
Jamani mnagawana ambacho hamjakusanya 😀 mimi nina gesti Chang'ombe, vyumba tisa, mwaka mzima huu sijaona mtalii hata wa dawa. Wangu ni madereva wa malori, walimu wanaofuatilia uhamisho, watu wa alizeti, na bunge la bajeti Aprili mpaka Juni ndo tunapumua kidogo. Tena tangu treni ya umeme ianze 2024 mtu anatoka Dar asubuhi anamaliza shida zake kwenye ofisi za serikali Mtumba usiku yuko kwake, kitanda changu kinabaki kimetandikwa. Afisa mapato akija anafungua daftari la wageni anahesabu mistari, anageuza kurasa, ananiangalia, "mama mbona Jumamosi wako wawili tu?" Namwambia ndo hao. (Shotitaimu, wale wa saa moja mbili, haiandikwagi popote, tusidanganyane, yeye anajua na mimi najua.) Hapo bado ushuru wa huduma, bado leseni, na gari la taka likikosa kupita wiki mbili wa kulipa mkokoteni ni mimi. Sasa na Kondoa nao nianze kuwalisha?

Mbeba Boksi:
Huku Marekani hizo kelele zipo kila mwaka. Jimbo la Florida ushuru wa kitanda unakusanywa na kaunti sio jiji, Orange County ilipo Orlando ni asilimia 6. Na sheria ya jimbo imebana matumizi, hela nyingi inaenda kwenye kutangaza utalii, kumbi za mikutano na viwanja, jiji likitaka chochote lazima likae mezani na kaunti waandikishane. Kituko ni kwamba Disney World yenyewe haiko ndani ya mipaka ya jiji la Orlando ila ukiuliza mtu yeyote anakwambia naenda Orlando. Kwenu ni kinyume chake, kivutio kiko Kondoa kitanda kiko Dodoma mjini.

Mrangi wa Kolo:
Mama Vyumba Tisa hakuna anayetaka hela yako dada, wewe taka zako zinazolewa (au hazizolewi) na Jiji, ni haki yao. Mimi ninachokiona mgao ukipitishwa juu hautarudi chini. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri, 2016 ikaenda TRA ya serikali kuu, 2021 ikahamia kwenye LUKU ya umeme, mwulize diwani wako kama anajua shilingi ngapi imetoka kwenye kata yake. Kwahiyo tusiombe mgao, tuombe vitanda. Mgeni anafika kwetu saa tatu asubuhi, saa nane keshaondoka, hana pa kuoga hana pa kula, unategemea aache nini?

Dereva wa Kati:
Mrangi umenigusa, wale Wajerumani waliniuliza kabisa kama kuna pa kuweka hema walale karibu na mapango, nikawaambia sijui. Wangelala.

Mrangi wa Kolo:
Mzee wangu ana heka mbili karibu na barabara ya Babati, ni mawe matupu hata mtama hauoti. Choo na maji nitaweka. Ukipata wageni tena nicheki inboksi kabla hujabeba chipsi.

Mama Vyumba Tisa:
Haya anza, afisa mapato wa Kondoa atakufuata na daftari lake 😂