Tupeane uzoefu: waliofika mpaka wa Korea Kaskazini na Kusini

Wakuu, salaam. Nimerudi majuzi kutoka kwenye ukanda unaozitenganisha Korea mbili na kichwa hakijatulia bado. Waliowahi kufika tusimuliane, maana picha zinaonyesha askari na seng'enge tu.

Naanza mimi. Kabla ya kuvuka mto Imjin, askari kijana alipanda basi letu akapita kiti kwa kiti, akilinganisha sura na pasipoti. Basi zima kimya. Lakini kilichonigusa nilikuwa nimeshakiona Imjingak, upande wa huku wa mto, ambako hakuna anayekuuliza kibali. Uzio wa pale umefungwa tepe za rangi, zimeandikwa maombi ya watu. Pana na madhabahu iitwayo Mangbaedan: waliozaliwa Kaskazini wakakwama Kusini huja kutambikia wazee wao wakiwa wameelekea kwao, kwa sababu makaburi hawawezi kuyafikia. Nilimkuta mzee amepiga magoti, mjukuu kamshikia fimbo. Alikaa pale muda mrefu. Mapigano ya Vita vya Korea yalisimamishwa Julai 27, 1953. Pigeni hesabu mzee yule aliondoka kwao ana umri gani.

*Mchangiaji wa 2*

Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi nilishuka kwenye handaki la tatu kati ya yale ya siri yanayopita chini ya mpaka, lile lililogunduliwa 1978. Ni mita 73 chini ya ardhi, na lilichimbwa kutokea Kaskazini. Unavaa kofia ngumu na unaihitaji kweli, nilijigonga kwenye mwamba zaidi ya mara tatu. Kuta zimepakwa weusi: Kaskazini walidai ni mgodi wa makaa ya mawe, ilhali mwamba wenyewe ni granaiti. Unatembea umeinama mpaka unakutana na ukuta wa zege, basi, mwisho wa safari. Wenye matatizo ya moyo au pumu wafikirie mara mbili. Kushuka si kazi, kazi ni kuupanda ule mteremko.

*Mchangiaji wa 3*

Nilibahatika kuingia Panmunjom penyewe, pale mpakani pande mbili zinapokutania kwa mazungumzo. Kwanza unatia saini karatasi kwamba unajua unaweza kuumia au kufa kwa kitendo cha adui. Mkono wangu ulitetemeka, sifichi. Tulikatazwa kunyoosha kidole na kupunga mkono kuelekea upande wa pili. Ndani ya kibanda cha buluu mpaka unapita katikati ya meza ya mazungumzo, kwa hiyo ukiizunguka ile meza umeingia Kaskazini. Nje, mstari ni kijiukuta cha zege ambacho mtoto anakiruka. Hapo ndipo Kim Jong Un, kiongozi wa Kaskazini, na Moon Jae-in, rais wa Kusini wa wakati ule, walivuka wameshikana mikono Aprili 27, 2018. Niliposimama pale nilisikia uchungu, kumbe kinachowazuia watu ni kitu kidogo hivi!

Angalizo: Julai 2023 askari wa Kimarekani aliyekuwa kwenye ziara alikimbia akavuka, na ziara za pale zikasitishwa. Ulizeni kabla ya kulipa.

*Mchangiaji wa 4*

Kuna aliyekwenda na watoto? Wa kwangu ana miaka saba.

*Mwanzisha mada*

Mimi nilikwenda na wa kwangu, ana sita. Mshike mkono, msitoke njiani: mabomu ya kutegwa ardhini bado yapo, mabango mekundu utayaona. Pasipoti yake usiisahau, na Jumatatu ziara hupumzika.

Kwenye kilele cha Dora, kilima cha kutazamia Kaskazini, alipewa darubini, akaona mashamba na ile bendera ya Kaskazini kwenye mlingoti wa mita 160. Hakujali sana. Kilichomkaa ni Dorasan, stesheni ya treni ya mwisho upande wa Kusini kabla ya mpaka. Ni safi, ina viti, ina bango la kilomita: Seoul 56, Pyongyang 205. Alikaa kwenye kiti, begi mapajani, akaniuliza treni ya Pyongyang inakuja saa ngapi. Nilitafuta jibu la kumpa, nikakosa, nikakaa naye.