Tupeane uzoefu: nani anapata majibu yake ya hospitali kwenye simu?

Mbukwenyi wadau. Mzee wangu ana sukari na presha, kliniki anahudhuria hapa Dodoma mjini, kila kitu daktari anakiingiza kwenye kompyuta ila tukitoka pale mkononi tuna risiti na dawa tu. Juzi kazidiwa akiwa Kongwa, wanauliza anatumia dawa gani na figo mara ya mwisho zilisomaje, nani anajua? Tukapima upya tukalipa upya. Kuna ambaye hospitali yake inampa taarifa zake kwenye simu?

Mtu wa Manyoni: Mkuu mi sisubiri mfumo, nikishika majibu napiga picha palepale, hata eksirei naigandisha dirishani kwenye mwanga naipiga, nina folda ya mama imejaa. Shida maabara zingine wanakwambia majibu ni ya daktari. Ya daktari kivipi na damu ya mama yangu?

Binti Nkuhungu: Me naogopa hiyo ya simu jamani. Walinitumia meseji ya kunikumbusha kliniki, simu anayo shemeji anacheza gemu, nyumba nzima ikajua nina mimba kabla mume wangu hajarudi kutoka kazini 😂 Sasa ingekuwa majibu ya ngoma (UKIMWI) je? Wakileta waweke na nywila.

kaka_Kondoa: Dada yangu yuko Marekani, kule tangu 2021 hospitali haziruhusiwi kukalia majibu ya mgonjwa, yakitoka tu unayaona. Akasoma ya kinyama walichomkata kwenye titi kupima kansa, akiwa kwenye basi, daktari hata hajampigia, akaanza kugugo kila neno, kalia njia nzima. Daktari anapiga jioni anamwambia kansa imewahiwa, inatibika. Nilimuuliza bora wangekuficha? Akasema hapana, bora kujua.

Nipo kwenye fani: Mifumo kama GoT-HoMIS, ule wa kompyuta wa hospitali za serikali, imewekwa kwa ajili ya usajili, malipo na sisi wahudumu, hapa nilipo mgonjwa hana pa kuingilia. Ila mleta mada, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuziona taarifa zako. Mzee aandike barua kwa mganga mfawidhi, aweke namba ya faili na kopi ya kitambulisho cha NIDA, aombe muhtasari wa matibabu.

Mleta mada: Mzee kusaini anasaini dole gumba, itakubalika?

Nipo kwenye fani: Inakubalika, nenda naye tu.