Wiki 12 za Kihispania Granada: nijitayarishe vipi nikiwa bado Unguja?

Mtembeza Wageni, Mji Mkongwe:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, na kwa miaka tisa sasa kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Unguja, asubuhi Mji Mkongwe na mchana kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Kila ifikapo Julai na Agosti hupokea Wahispania wengi, na baadhi yao Kiingereza hawakielewi vyema, kwa hivyo maelezo yangu hulazimika kupitia kwa mmoja wao anayewafasiria wenzake. Mwaka jana nilisimama chini ya mkarafuu nikaeleza kwa muda wa dakika kumi jinsi karafuu inavyochumwa, inavyochambuliwa vikonyo na kuanikwa juu ya majamvi, na yule mfasiri wao akaimaliza habari yote kwa sentensi mbili. Niliumia, kwa sababu baba yangu ni mkulima wa karafuu na habari ile nimekua nayo mikononi.

Nimeweka akiba, na nimeamua kwenda Granada, mji wa kusini mwa Hispania, kwa wiki 12 kuanzia mwanzoni mwa Aprili, wakati masika yanapowapunguza wageni, ili Julai inikute nimesharudi kazini. Nitasoma masomo 20 kwa wiki na kukaa nyumbani kwa familia ya wenyeji. Nimebakiwa na miezi sita kabla ya safari. Ninajua salamu, hesabu na maneno kama mia mbili niliyoyaokota kwa wageni, lakini kuunga sentensi bado. Naomba wenye uzoefu wanieleze niutumie vipi muda huu, na mambo gani ya safari na ya maisha ya huko ambayo hayafai kusubiri mpaka nifike.

Mwalimu Mstaafu, Kikwajuni:

Wa alaykumu salaam, mwanangu.

Nimefundisha lugha katika skuli zetu kwa miaka mingi, na Kihispania nilikisoma ukubwani. Kosa lililonichelewesha ni kukisoma kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu vitabu vilivyopatikana vilikuwa vya Kiingereza. Nilipoviweka pembeni na kukitazama Kihispania kwa macho ya Kiswahili, mambo niliyohangaika nayo kwa mwaka mzima yalinifungukia kwa wiki chache. Wewe usilipite jambo hili.

Anza na matamshi. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na unazitamka kama unavyozitamka za kwetu. Neno linaloishia kwa irabu, au kwa n au s, hutiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema *karafuu* na *mkarafuu*, na linalokwenda kinyume cha kanuni hiyo huandikwa alama juu ya irabu. Maneno yanayoishia kwa konsonanti nyengine hutiwa mkazo mwishoni, na hapo ndipo ulimi wetu unapokosea: *hotel* tunataka kuiongezea irabu iwe hoteli, na *hablar* (kusema) tunataka iwe hablara. Lizoeze sikio lako jambo hilo mapema.

Kisha ipo neema ya chuoni. Mtoto aliyesomeshwa Kurani akiwa mdogo anazo sauti ambazo wanafunzi wa mataifa mengine huzitafuta kwa taabu. Herufi j ya Kihispania ni kh ya *Alkhamisi*, ingawa huko Granada utaisikia imelainika kuelekea h. Herufi d ikikaa baina ya irabu hulainika ikakaribia dh ya *dhahabu*, kwa hivyo *nada* hutamkwa kama nadha, na g ya *agua* hulainika ikakaribia gh ya *ghali*. Herufi z, pamoja na c mbele ya e na i, sehemu kubwa ya Hispania hutamkwa th ya *thelathini*. Herufi ñ ni ny yetu, na h huandikwa tu, haitamkwi.

Katika sarufi, utaambiwa kwamba vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* na *estar*, ndio mtihani mkubwa kwa mgeni. Kwako wewe si mtihani mkubwa, kwa sababu husemi "baba yuko mkulima" wala "baba ni shambani". Unasema ni mkulima, *es agricultor*, na yuko shambani, *está en el campo*. Ziko sehemu ambapo mfano huu hautoshi, hasa katika kueleza hali kama ugonjwa na uchovu, ambazo huchukua *estar*, lakini mlango umeshaufungua.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni hili. Tukitaka mtu afanye kitu, sisi tunageuza a ya mwisho kuwa e: *anasema*, lakini *nataka aseme*. Wahispania nao, katika vitenzi vyao vinavyoishia kwa -ar, hufanya vivyo hivyo: *habla*, lakini *quiero que hable*. Katika vitenzi vya -er na -ir mabadiliko hukwenda upande wa pili, e ikawa a, kwa hivyo usiitegemee e peke yake, lakini fikra ni moja. Walimu wengi huiweka sura hii ya kitenzi mbali sana katika vitabu. Wewe unaweza kuianza mapema, kwa sababu kazi yako ni kuwaambia watu waonje, watazame, wasiguse.

Msamiati pia una ndugu zake. Maneno ya Kiarabu yaliingia Kihispania kama yalivyoingia kwetu: *azúcar* ni sukari, *aceituna* ni zeituni, *fulano* ni fulani, na *hasta*, ile ya *hasta mañana* (mpaka kesho), imetoka kwenye neno lile lile lililotupa sisi "hata". Mengine tumeyapata kwa Wareno, ambao lugha yao ni jirani ya Kihispania, kama *mesa* na *bandera*.

Usijifunze maneno elfu ya kila aina. Chukua maelezo yako ya shambani, yaandike kwa Kiswahili, kisha yageuze kipande kwa kipande: mdalasini *canela*, iliki *cardamomo*, tangawizi *jengibre*, kungumanga *nuez moscada*. Karafuu ni *clavo*, na neno hilo hilo ndilo jina la msumari. Ukimpa mgeni punje moja ya karafuu kiganjani, atazame kichwa chake na mguu wake, atajua mara moja kwa nini wahenga wake waliiita hivyo. Kila usiku jirekodi kwenye simu kwa dakika tatu, kisha sikiliza redio ya taifa ya Hispania kwenye intaneti kwa nusu saa, hata kama unaambulia neno moja katika kumi.

Msafiri wa Chake Chake:

Kaka, mimi nitasema la viza tu, kwa sababu ndilo lililoniangusha.

Wiki 12 ni siku 84, kwa hivyo uko ndani ya siku 90 na utaomba viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Hispania ikiwemo. Ukitaka kukaa zaidi ya siku 90 utahitaji viza ya masomo, ambayo ina masharti yake na huombwa mapema zaidi, kwa hivyo kata shauri sasa, usitegemee kurefusha muda ukiwa huko. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla yake. Ubalozi wa Hispania uko Dar es Salaam, na alama za vidole unazitoa wewe mwenyewe, basi tia nauli ya boti katika hesabu zako. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na pasipoti ibaki hai kwa miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka Ulaya.

Yaliyonifika mimi ni haya. Niliomba nikiwa na barua ya skuli, barua ya familia ya kufikia na bima, yote sahihi. Lakini akaunti yangu ya benki ilikuwa na fedha kidogo kwa miezi mingi, kisha wiki mbili kabla ya kuomba kaka yangu akaniwekea kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja. Fedha zilikuwa za halali na alinipa kwa moyo safi, lakini karatasi haikueleza hayo, na nilikataliwa. Ada haikurudi. Nilipoomba tena baada ya miezi minane niliambatanisha barua ya kaka yangu, taarifa ya akaunti yake na uthibitisho wa kazi yangu, na nikapewa. Kwa hivyo akiba yako iwe inaingia benki kuanzia mwezi huu, kidogo kidogo, na leseni yako ya kutembeza wageni iambatanishwe, kwani ndiyo inayoonyesha kwamba una kazi ya kurudia. Tiketi weka nafasi tu, usiilipie kabla ya viza.

Bint wa Jang'ombe:

Kaka yangu, mimi nilikaa Granada miezi miwili katika nyumba ya bibi mmoja mjane, na mpaka leo tunajuliana hali kila Ijumaa.

Katika fomu ya skuli andika mapema kwamba huli nguruwe wala hunywi ulevi, na ukifika sema mwenyewe: *No como cerdo ni bebo alcohol*. Usiseme tu kwamba hutaki nyama, kwa sababu wengi huko hawaihesabu *jamón*, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, kuwa ndani ya neno hilo, na dengu zao hupikwa na *chorizo*, soseji ya nguruwe. Bibi yangu alinipikia dengu siku ya kwanza, akachomoa vipande mbele yangu, akanisogezea sahani kwa furaha. Nilikuwa sina maneno ya kumweleza, nikala mkate mtupu, na aliona haya kuliko mimi. Sentensi moja niliyokuwa nimeihifadhi ingetuepushia wote wawili fadhaa ile.

Chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au saa nne. Saa zao huhesabiwa kuanzia usiku wa manane kama za Kiingereza, kwa hivyo *a las dos* ni saa nane yetu, na hilo lilinikosesha somo la kwanza. Mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tatu na nusu usiku, basi Magharibi na Isha zitakusubirisha. Mtaa wa Albaicín uko Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa 2003, nao unatazamana na Alhambra, kasri la kale la wafalme wa Kiislamu. Idi Kubwa itakukuta huko, na pale utapata watu wa kusalimiana nao. Chukua koti zito kwa usiku wa Aprili.

Usishtuke utakaposikia maneno yamekatwa mwisho. Watu wa Granada huimeza s, na *los amigos* huja sikioni kama *lo amigo*. Mimi wiki mbili za mwanzo nilidhani nimesahau kila nilichosoma. Darasani wanafunzi wenzako watakuvuta kwenye Kiingereza wakati wa mapumziko, na hapo ndipo wiki 12 zinapoliwa. Nenda sokoni na bibi wa nyumba, mbebee kikapu, muulize jina la kila kitu.

Mtembeza Wageni, Mji Mkongwe:

Ahsanteni sana, Mwalimu na ndugu zangu. Leo asubuhi nimefungua akaunti ya akiba Darajani, na jana usiku nilijirekodi kwa mara ya kwanza. Naomba Mwalimu anisahihishie sentensi hizi mbili za shambani:

*El clavo está el botón seco de una flor.*

*Quiero que ustedes prueban la canela.*

Mwalimu Mstaafu, Kikwajuni:

Umeanza vizuri, mwanangu. Katika ya kwanza, karafuu *ni* tumba kavu la ua, haiko tumba, kwa hivyo sema *es*. Katika ya pili unataka *waonje*, basi rudi kwenye ile e: *prueben*. Na kwa kuwa wageni wako wanatoka Hispania, marafiki vijana waambie *que probéis*, na *ustedes* waekee wazee na watu usiowazoea. Zisome kwa sauti, kisha kesho niletee sentensi tano za mdalasini.