Wauza taa za matangi ya samaki, mnatupiga! Boksi lina kila namba isipokuwa ile tunayoihitaji

Wakuu,

Sina salamu ndefu leo. Nimefungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Mods, naomba msiuunganishe na nyuzi za matangazo ya taa, maana huko ndiko watu wanakopigwa.

Iko hivi. Mdogo wangu ameanza tangi la mimea, akajichangachanga mpaka akanunua taa. Boksi limeandikwa wati 100, "mwanga kamili wa mimea", na picha ya tangi lenye majani yaliyotandaa chini kama zulia. Nikachomeka kipima umeme kwenye soketi, taa nikaichomeka juu yake. Wati 17. Nikapandisha mwanga mpaka mwisho, bado 17. Tukampigia muuzaji, akajibu bila wasiwasi kwamba ile 100 maana yake ni "sawa na wati 100 za taa za zamani".

Za zamani zipi? Boksi halisemi. Ukilinganisha taa ya LED kama hii na globu ya waya, ile iliyokuwa ikigeuza karibu umeme wote kuwa joto, utapata namba yoyote kubwa unayoitaka. Ukilinganisha na tyubu, namba inashuka vibaya. Na hata ungelinganisha kwa haki, wati zinasema taa inakula umeme kiasi gani, hazisemi mmea umepata nini. Mtu mzima na duka lake anaandika 100 kwenye kitu cha 17, halafu mteja akiuliza anaonekana msumbufu!

Tukaifungua. Vitaa vimepachikwa kwenye bati jembamba la kupoza joto, ile krimu ya kupitisha joto imepakwa kona moja tu, kwingine pakavu kabisa. Vitaa vyenyewe vimeungwa mfululizo, kwa hiyo kimoja kikiungua mstari mzima unazimika. Na kitaua kipi kama si joto? LED huchakazwa na joto kuliko kitu kingine chochote. Halafu waya unapoingilia kwenye taa hakuna hata mpira wa kuzuia maji, na boksi limeandikwa "haipitishi maji". Kitu kinachokaa juu ya tangi la maji, ndani ya nyumba yenye watoto! Hilo ndilo lililonifanya niandike. Hela inauma, ila hili ni la uhai wa mtu.

Sasa nizungumzie namba wanazotujazia, maana wizi unapita humo.

Lumeni. Hicho ni kipimo cha mwanga kilichotengenezwa kwa ajili ya jicho la binadamu, na jicho letu mchana huona vizuri zaidi rangi ya kijani, karibu na nanomita 555 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake). Mmea hauna jicho. Ukilinganisha balbu mbili nyeupe za rangi ileile, lumeni zinakusaidia, hilo silikatai. Ukilinganisha taa nyeupe na taa ya zambarau, zinakupoteza kabisa.

Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. 6500 ni weupe wa mchana, 2700 ni umanjano wa sebuleni. Ni mwonekano tu. Taa mbili za 6500 zinaweza kuwa na mchanganyiko tofauti kabisa wa rangi ndani yake.

Namba ya maana ni PAR, yaani mwanga ambao mmea unaweza kuutumia kwa usanisinuru, ule wa kati ya nanomita 400 na 700. Kiasi kinacholifikia eneo hupimwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Mimea mivumilivu kama Anubias, Cryptocoryne na makangaga ya Java inaridhika na 20 hadi 40 hivi. Mimea ya kutandaa chini inataka zaidi ya 50 pale chini kabisa ilipo, na ukifika huko jiandae kuongeza kaboni dioksidi. Hiyo ndiyo namba moja ambayo ingemwambia mdogo wangu kama taa inamfaa au la, na ndiyo hiyo moja ambayo haipo kwenye boksi! Wachache wanaoiandika wanapima hewani, kitambuzi kikiwa karibu kugusa taa. Kwenye mchanga, chini ya maji, na pale kwenye kona za tangi, hawapimi. Sentimita chache tu zinabadilisha kila kitu, kwa sababu mwanga unatawanyika kadiri unavyoiacha taa na mwingine unatokea nje ya kioo.

Halafu hii biashara ya taa za zambarau, zile za bluu na nyekundu tupu. Wanakuchorea mchoro wa klorofili, ile rangi ya kijani ya majani inayonasa mwanga, wanakuonyesha kilele cha bluu karibu na 430 na chekundu karibu na 660, wanahitimisha kwamba kijani ni bure. Mchoro ule ni wa klorofili iliyokamuliwa ikatiwa kwenye kimiminika. Jani zima halifanyi hivyo. Mwaka 1972 mtafiti aitwaye McCree alichapisha vipimo vya majani ya mazao mengi, na kijani kilionekana kikitumika kwa kiasi kikubwa. Zaidi ya nusu karne imepita, bado mtu anauziwa hadithi ileile!

Na tangi la zambarau linakunyima kitu ambacho hakuna mita itakayokurudishia: kuona. Jani jipya likitoka limepauka kwa kukosa madini ya chuma, hulioni. Samaki akianza kuwa na vidoti vyeupe mapezini, unaviona vimechelewa. Mfugaji anategemea macho yake kila siku, wewe unamuuzia giza la rangi.

Wakuu, balbu ya kawaida ya LED ya nyumbani, nyeupe ya 6500, inaotesha mimea. Hakuna uchawi. Ndani yake kuna kitaa cha bluu cha karibu nanomita 450 kilichofunikwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu. Bluu ipo, nyekundu ipo, na nyingi zinatoa karibu lumeni 100 kwa kila wati moja ya kweli. Iweke kwenye kikombe cha taa cheupe au cha kung'aa ndani ili mwanga ushuke majini badala ya kupotelea ukutani, ining'inize juu ya tangi dogo, weka taima ya saa 6 hadi 8 kwa siku. Ukiona mwani unashika vioo, pandisha taa juu kidogo. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza mwanga, na haiuzwi.

Na hapa nawageukia wajuaji wa humu humu. Kila anayeanza akiuliza, mnamrushia kanuni ya wati kwa galoni. Kanuni ile ilikuja enzi za tyubu nene, wakati karibu kila mtu alikuwa na taa ya aina moja, kwa hiyo wati zilikisia mwanga. Kwa LED haina kazi, iacheni. La pili, mmea ukidhoofika mnasema "ongeza mwanga". Mwanga mwingi unaufanya mmea udai kaboni dioksidi na mbolea nyingi zaidi. Visipokuwepo, mmea unasimama na mwani unachukua nafasi, kwa sababu wenyewe unaridhika na kidogo. Mtu anamaliza akiba kwenye taa kubwa, tangi linageuka uji wa kijani, anakata tamaa na kugawa samaki. Nimeona nyuzi za namna hiyo humu nyingi mno, na waliomshauri hawarudi kujibu.

Wanaootesha mwani makusudi nao hawajapona. Ukitaka maji ya kijani ya kulishia dafnia au rotifa, vile viumbe vidogo vya majini wanavyolishwa vifaranga vya samaki, unaambiwa ununue "taa maalumu ya mwani". Ya nini? Chupa angavu, maji, mbolea kidogo, pampu ya hewa na taa nyeupe vinatosha. Tatizo la mwani ukishakolea si udhaifu wa taa: seli za mbele zinazikinga za nyuma, mwanga hauingii ndani. Dawa yake ni chombo chembamba, na mapovu ya kuzungusha maji ili kila seli ipate zamu yake mbele ya mwanga. Taa ya nguvu mara mbili kwenye ndoo pana haitakufikisha huko.

Mahali ambapo taa nyekundu ina kazi ya kweli ni kwenye ule wavu wa mwani wa kusafisha maji, mfumo uliotokana na kazi ya Walter Adey, mwanasayansi wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani. Pale unataka mwani ukue haraka, uufyeke, utoe uchafu, na rangi ya kupendeza haikuhusu. Taa za nanomita 660 zinafanya vizuri, na wengi huziwasha usiku wakati tangi limelala, ili pH, yaani kiwango cha tindikali cha maji, isiyumbe sana. Muuzaji anayejua kazi angesema hivyo: hii ni ya wavu, ile ni ya tangi. Badala yake anamuuzia kila mtu kitu kimoja.

Kwa asiye na mita ya PAR, maana ni ghali: simu nyingi zina kitambuzi cha mwanga, pakua programu ya kupima lux (lumeni kwa kila mita ya mraba). Kwa LED nyeupe, gawanya lux kwa 70 hivi upate makadirio ya mikromoli. Lux 2,100 ni kama 30. Weka simu ndani ya tangi, pale chini kabisa, kabla hujajaza maji. Ni makadirio tu, na kwa taa ya zambarau usithubutu, ila kulinganisha taa mbili nyeupe dukani kunatosha. Muuzaji akikukataza kupima, ondoka.

Kuhusu maji na umeme: tafuta alama ya IP67, inayomaanisha chombo kinastahimili kuzama hadi mita moja kwa dakika 30. Neno "haipitishi maji" bila namba lisikushawishi. Na waya ushuke kwanza chini ya soketi kisha upande juu kuifikia, ili tone la maji lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Wauzaji mliomo humu, na najua mpo maana mnatangaza kila siku: jibuni hapahapa. Taa yenu inakula wati ngapi za kweli soketini? PAR ni ngapi chini ya maji, kwa kina gani, katikati na kwenye kona? IP ngapi? Mchoro wa rangi zake uko wapi? Na ninyi mlionunua, leteni picha za kipima umeme pembeni ya picha ya boksi. Ya mdogo wangu naiweka kwenye komenti ya kwanza.