Naomba ushauri: dodoso moja la malezi ya pamoja kwa familia za aina tatu

Mdadisi: Wakuu, habari za kazi. Nataka kupima ubora wa malezi ya pamoja kwa wanandoa, wazazi waliotengana, na akina mama wanaolea wakisaidiana na bibi wa mtoto. Nimechagua dodoso la Feinberg la 2012, maswali 35, alama 0 hadi 6. Nikilinganisha wastani wa jumla inatosha?

Kipimo: Haitoshi, mkuu. Dodoso hilo lilitengenezwa kwa wazazi ambao ni wenza. Kati ya vipengele vyake 7, kimojawapo ni ukaribu, kinachogusa uhusiano wa wenza wenyewe. Waliotengana watapata alama za chini hata kama kwa mtoto wanaelewana vizuri, na bibi hatajua anaulizwa nini.

Kwenye kipengele cha mabishano mbele ya mtoto mambo yanageuka: maswali yake yanahesabu tu wakati wazazi wawili na mtoto wako pamoja. Wazazi wasioonana kabisa wanapata sifuri, wanaonekana wana amani, kumbe wanasemana vibaya kupitia mtoto. Makosa hayo mawili yanavuta pande tofauti, jumla inayafunika yote. Ripoti kila kipengele peke yake, ukaribu uache kwa wanandoa tu. Kwa waliotengana lipo dodoso la Ferraro na wenzake la 2018, maswali 22, linaloulizia pia ugomvi wa chinichini.

Mdadisi: Nikibadilisha neno "mwenzi" liwe "mlezi mwenza"?

Kipimo: Badilisha, ila swali la kwanza kabisa liwe: unamjibia nani? Mama aliyeolewa tena anaweza kumjibia baba wa kambo huku wewe ukidhani ni baba mzazi. Jaribu maneno kwa watu wachache wa kila kundi, waeleze walivyoelewa kila swali.

Takwimu_Kwanza: Kabla ya wastani, pima kama maswali yanafanya kazi sawa kwenye makundi. Anza na muundo wa vipengele (maswali yanajipanga kwenye vipengele vilevile kila kundi?), fuata uzito wa kila swali (nguvu ya swali kuwakilisha kipengele chake), malizia na vianzio (alama ambayo swali linaanzia kwa watu wenye kiwango kilekile cha kipengele). CFI, yaani kipimo cha jinsi modeli inavyoendana na data, ikishuka zaidi ya 0.01 kati ya hatua mbili, simama. Ikikwama kwenye vianzio, legeza swali moja au mawili yanayosumbua, yaani ruhusu vianzio vyake vitofautiane kati ya makundi, na useme hivyo kwenye ripoti. Ikikwama kwenye uzito wa maswali mengi, usilinganishe wastani.

Wakijibu walezi wote wawili, wape namba moja ya familia, kila mmoja ajaze akiwa peke yake. Usichanganye alama zao: mmoja akitoa 6 na mwingine 2, wastani wa 4 hauwaelezi wote wawili.