Kalori 500 za zege (chipsi mayai) na kalori 500 za ugali dagaa, mwili unaona tofauti?

Suruali_Imegoma:
Wakuu habari za muda huu. Naomba kueleweshwa maana huku mtaani kila mtu anasema lake. Nimeweka aplikesheni ya kuhesabu kalori kwenye simu baada ya kitambi kuanza kutangulia mlangoni, nimejipangia 1,900 kwa siku. Sasa kuna jamaa nafanya naye mazoezi ananiambia nisijisumbue na dona wala mboga za majani, kalori ni kalori, hata nikila zege na soda ilimradi sijavuka 1,900 nitapungua sawasawa tu na anayekula ugali dagaa. Wife kashika upande wa pili, anasema chipsi za barabarani zinaenda tumboni moja kwa moja hata ule kidogo. Mimi kazi yangu ya kukaa, mchana kinachopatikana karibu na ofisi ni chipsi au wali wa mama ntilie, kwahiyo kusema ukweli nikiambiwa zege haina shida nitafurahi sana. Ila nataka majibu ya kueleweka, sio yale ya "bibi yangu alikula hivi akafika miaka 95".

Chuma_Mkononi:
Jamaa yako yuko sahihi asilimia mia. Kuna profesa wa lishe Marekani anaitwa Mark Haub, wa chuo kikuu cha jimbo la Kansas, mwaka 2010 alikula Twinkie na vikeki vingine vya dukani na chipsi za pakiti kwa wiki 10, anajibana tu asizidi kalori 1,800 hivi kwa siku. Alianza na kilo 91 akamaliza na 79. Profesa mzima wa lishe anakula pipi anapungua kilo 12! Mpaka lehemu mbaya ilishuka. Kwahiyo mkuu hesabu kalori zako kula zege yako lala, hao wa dona na mlonge wana biashara zao.

Asali_Mbichi:
Nakaa hapa nasubiri wajuzi, mimi mwenyewe zege ndio mume wangu wa pili 😂

Lishe_Bila_Presha:
Mleta mada nimesomea haya mambo ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo, na Chuma_Mkononi usikasirike maana hujakosea, umeishia njiani tu.

Hiyo stori ya Haub ni kweli kabisa na inathibitisha kitu kimoja, kwamba ukila pungufu ya unachotumia utapungua hata kama chakula chenyewe ni takataka. Hilo halina ubishi. Ila alikuwa mtu mmoja, alikuwa anapima kila kinachoingia mdomoni, na alikuwa anaongezea vidonge vya vitamini na kinywaji cha protini na mboga kidogo, hiyo sehemu huwa haisimuliwi. Na mleta mada hajauliza kama atapungua, kauliza kama mwili unachukulia sawa. Hapo jibu ni hapana, hauchukulii sawa.

Chukulia kalori ni hela kwenye simu. Kila muamala una makato yake. Protini ndio yenye makato makubwa, ukila kalori 100 za protini mwili unachoma kama 20 mpaka 30 kwenye kuimeng'enya tu na kuipanga. Wanga inakatwa 5 mpaka 10, mafuta yanakatwa 0 mpaka 3, yani mafuta yanaingia karibu yote yalivyo. Kwahiyo dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hawakuachii kalori sawa na zilizoandikwa kwenye aplikesheni yako. Usitegemee maajabu lakini, kwa mtu wa 1,900 hiyo tofauti ni ya makumi ya kalori kwa siku.

Kubwa ni shibe. Mwaka 1995 watafiti wa chuo kikuu cha Sydney walichukua vyakula 38, kila kimoja wakapima kipande chenye kalori 240, wakawapa watu, halafu wakawa wanawauliza kila dakika 15 kwa masaa mawili njaa iko wapi. Mkate mweupe wakaupa alama 100. Unajua kilichoongoza? Viazi vya kuchemsha, alama 323. Chipsi zilipata 116. Kiazi kilekile, kalori zilezile 240, kimoja kimeshibisha karibu mara tatu ya kingine. Ni kwamba kwenye chipsi maji yametoka mafuta yameingia, gramu 100 za viazi vya kuchemsha ni kama kalori 87 na gramu 100 za chipsi zinaweza kugonga 300, sasa sahani ya chipsi ya kalori 240 ni kiduchu hicho, unakimaliza kabla hujakaa vizuri.

Na wengi wetu hatuli kwa mizani, tunakula mpaka tushibe. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake kwenye taasisi za afya za taifa za Marekani waliweka watu 20 ndani ya hospitali wiki nne, wiki mbili vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa, milo imepangwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi vifanane, halafu wakaambiwa kuleni mnavyotaka. Kwenye vya viwandani walijikuta wanakula kama kalori 500 zaidi kila siku na waliongezeka karibu kilo moja, kwenye vya kupikwa walipungua karibu kilo moja. Hakuna aliyewalazimisha.

Kwahiyo zege ya kalori 700 na ugali dagaa mchicha wa kalori 700 kwenye aplikesheni zinafanana, saa kumi jioni hazifanani. Wa zege anatafuta maandazi.

Chuma_Mkononi:
Sasa si umenipa point mwenyewe? Kama anahesabu basi anahesabu, hayo ya shibe ni ya wasiohesabu. Na huyohuyo Hall 2017 alikusanya tafiti 32 ambazo watu walilishwa chakula cha kupimwa, protini sawa, wengine wanga mwingi wengine mafuta mengi, tofauti ikawa ndogo mpaka haina maana yoyote mtaani.

Lishe_Bila_Presha:
Nakubaliana nayo hiyo, na ndio maana huwa nawaambia wanaogombana wanga na mafuta wapumzike. Ila zingatia "protini sawa" na "chakula cha kupimwa". Ukiondoa hayo mawili umerudi kwenye maisha yetu.

Ujiji_Mwisho_wa_Reli:
Wajuzi mimi naomba kuuliza hiyo ya wife wake, kwamba mafuta ya chipsi yanaenda tumboni moja kwa moja. Ina ukweli au ndio yale mambo ya wake zetu?

Lishe_Bila_Presha:
Muombe radhi shemeji mapema 😀 hapo ana pointi, japo sio kwa namna anavyoiwaza.

Uppsala kule Sweden, 2014, vijana 39 wembamba wa kawaida walipewa vikeki vya kula juu ya chakula chao cha kila siku kwa wiki 7. Vikeki ni vilevile, tofauti ni mafuta tu, kundi moja vimetengenezwa kwa mafuta ya alizeti kundi lingine kwa mafuta ya mawese yaliyosafishwa. Lengo ilikuwa wanenepe makusudi. Wote waliongezeka uzito uleule, kilo 1.6 hivi. Ila walipowapitisha kwenye kipimo, wa mawese mafuta mengi yamejaa kwenye ini na ndani ya tumbo kuzunguka utumbo, wa alizeti ini limebaki karibu lilivyokuwa na sehemu ya nyongeza yao isiyo mafuta ilikuwa kubwa kuliko ya wa mawese. Mizani inasoma sawa kwa wote. Waliporudia baadaye kwa watu wanene, ya ini ikajirudia.

Sasa jiulize mkaanga chipsi wa karibu na ofisi yako anatumia nini, na lile karai limechemka tangu lini.

Ujiji_Mwisho_wa_Reli:
Hahaha sasa umegusa Kigoma. Mawese mekundu tumekulia hayo, kwenye mgebuka na kwenye maharage, wazee wetu wana miili ya chuma hakuna cha ini wala nini. Hayo ya Sweden ni yale meupe ya madumu ya kiwandani msituchanganye.

Lishe_Bila_Presha:
Kaka mekundu yana vitamini A ya kutosha, kwa hilo ninayaheshimu kuliko hayo meupe. Ila aina ya mafuta yenyewe ni ileile, karibu nusu ni mafuta mgando (yale yanayoganda yakipoa), rangi haibadilishi hilo. Wazee wenu walikuwa wanalima na kuvuta nyavu usiku kucha, wale vijana wa Sweden walikuwa wanakula juu ya shibe. Mgebuka endelea nao tu, ujazo wa kijiko ndio uangalie, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote yale ni kama kalori 120.

Korosho_Nyeupe:
Mimi wa kusini huku, swali langu dogo. Nimesoma korosho zina kalori nyingi sana nikaacha kula na ninazo gunia ndani jamani. Ni kweli?

Lishe_Bila_Presha:
Gunia ndani na unaziogopa, tutumie basi. Korosho gramu 28, kiganja kimoja hivi, kwenye vitabu ni kalori 163. Hizo hesabu chanzo chake ni Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa miaka ya 1800, ndiye aliyetupa zile namba za protini 4, wanga 4, mafuta 9 kwa gramu, na ni wastani tu, hazijui chakula chako kina umbile gani. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walipolisha watu korosho na kupima kinachotoka chooni (ndio, wapo watu kazi yao hiyo) wakakuta mwili unapata kama 137. Lozi tofauti ni kubwa zaidi, 129 badala ya 170. Mafuta mengine yamefungiwa ndani ya chembe za kokwa yenyewe, meno hayamalizi kusaga, yanapita yalivyo. Ukizisaga zikawa siagi hiyo nafuu inapungua. Kwahiyo kula kiganja, tafuna, na zisiwe za kukaangwa na chumvi kilo nzima.

Mama_Wawili_Mbeya:
Naomba nichomekee hapa samahanini. Mama yangu ana sukari, amepungua uzito vizuri lakini sukari inapanda bado na anasema kalori zake anazipima, anakula uji wa sembe na juisi ya matunda aliyoisaga mwenyewe. Tatizo ni nini?

Lishe_Bila_Presha:
Pole dada, na mpe hongera mama kwa kupungua. Kwa mwenye sukari ndio hesabu ya kalori peke yake inapomwangusha mtu. Uji wa sembe iliyokobolewa hauna cha kuuzuia, unapita haraka na sukari inapanda haraka. Juisi nayo, machungwa matatu mazima ni kama kalori 200, na soda ya mililita 500 ni kama kalori 200 na kitu, zimekaribiana. Machungwa utayamenya, utatafuna, nyuzinyuzi zipo, la tatu hulimalizi. Juisi ya kusagwa na kuchujwa imeshaelekea upande wa soda, glasi ikinywewa kwa mkupuo sukari yote inatua kwa pamoja. Mwambie ale tunda lenyewe na uji uwe wa dona au ulezi, kidogo, na asubuhi awe na yai au maharage pembeni. Ila kama anatumia dawa za kushusha sukari au anachoma sindano msibadilishe chakula kwa kushtukiza bila daktari wake kujua, sukari inaweza kushuka kupita kiasi na hiyo ni hatari ya saa ileile.

Mama_Wawili_Mbeya:
Asante sana, kliniki ni wiki ijayo nitamuuliza daktari hilo la uji. Ubarikiwe.

Asali_Mbichi:
Na kiporo? Nimeona mtandaoni wali ukilala kalori zinapungua.

Lishe_Bila_Presha:
Kuna ukweli mdogo umetiwa chumvi. Wali au kiazi kikipoa sehemu ya wanga inajikaza, tumbo haliimeng'enyi, inaenda kulisha bakteria wa utumbo mpana. Ila ni sehemu ndogo, haigeuzi sinia la wali kuwa kachumbari. Na tafadhali kiporo kilale kwenye friji, wali ukilala mezani kwenye joto la Dar kuna vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa, na sumu yao haiondoki hata ukiupasha mara ngapi.

Suruali_Imegoma:
Wakuu nimesoma yote nawashukuru, wife nimemuonyesha hiyo ya Sweden sasa hivi ndani hakukaliki. Sasa kivitendo, mchana nachagua nini kati ya chipsi na wali wa mama ntilie? Na aplikesheni niifute?

Lishe_Bila_Presha:
Usiifute, ila jua inakudanganya kwa chini. Ukiandika "maharage bakuli moja" yenyewe haijui mama ntilie kamwaga mafuta kiasi gani au tui la nazi, huko ndiko kalori 200 au 300 zinapotea bila kuandikwa. Mama ntilie anamshinda mkaanga chipsi kwa kitu kimoja, unaweza kuongea naye. Mwambie wali nusu, maharage mara mbili, mchicha ujae, samaki wa kuchemsha kama yupo, na ule mchuzi wa juu wenye mafuta asiuchote. Hela ni ileile na akikuzoea atakupakulia bila kuuliza. Zege weka Ijumaa, na uinywee maji badala ya soda.

Chuma_Mkononi:
Na ukiipima ikae ndani ya 1,900, nasisitiza.

Ujiji_Mwisho_wa_Reli:
Hamjagusa bia au mnaiogopa? Mleta mada Ijumaa hatakunywa maji huyo namjua mimi.

Lishe_Bila_Presha:
Pombe ni kalori 7 kwa gramu, imekaa kati ya wanga na mafuta, chupa ya mililita 500 ya kawaida ni kalori 200 hivi. Shida yake mwili hauna pa kuiweka akiba, inabidi uichome kwanza, na wakati unaichoma uchomaji wa mafuta unashuka sana. Kwahiyo zile chipsi na mishikaki ulizoagiza pembeni zinasubiri foleni, na hiyo foleni iko kiunoni.

Suruali_Imegoma:
Sasa huu uzi umeanza kuniharibia wikendi.