Sukari ya Baraka (gumzo la familia)

Shangazi: Jamani majibu ya Baraka yametoka, daktari kasema ni kisukari aina ya 2. Mi naona hizi dawa zake za akili ndo zimemletea, si aziache tu

Dada Mkubwa: Shikamoo shangazi. Hapana asiache!! Kweli olanzapini, hiyo dawa yake ya akili, inaleta njaa na unene na sukari inapanda, ila akikata ghafla ugonjwa wa akili unaweza kurudi na hapo hata za sukari hatomeza. Daktari aulizwe kama inabadilishika, metformini ya kushusha sukari si ameshaandikiwa

Shangazi: Marahaba. Haya

Mjomba: Basi jikoni pafungwe kufuli usiku

Baraka: Nipo humu nawasoma 🙄

Mjomba: Aah mjomba wangu samahani

Baraka: Njaa ya hii dawa sio ya kawaida, natoka kula sasa hivi na tumbo linadai tena, mdomo nao unakauka ndo maana soda haziishi. Msinifungie kitu, soda zisiingie nyumbani hata za mtu mwingine basi, nikikuta maji ya baridi ntakunywa maji. Na mambo ya kukimbia alfajiri sahauni, dawa inanilaza mpaka saa nne, jioni baada ya kula ndo naweza kutembea

Mdogo wenu: Tutaenda wote bro, tuanze na dk 15. Wanasema 150 kwa wiki ila tutafika taratibu

Mjomba: Na sigara aache leo leo

Dada Mkubwa: Aache ila daktari ajue kwanza, moshi unafanya mwili uitoe olanzapini haraka, akiacha inabaki nyingi mwilini, huenda dozi ikapunguzwa. Halafu mkimwona anatetemeka, jasho, kachanganyikiwa, hasira za ghafla, msirukie kusema karudiwa na ugonjwa wa akili, pimeni sukari!! Ikiwa chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo) apewe kitu cha sukari hapo hapo. Metformini peke yake ni nadra kuishusha hivyo, wakimwongezea insulini ndo muwe macho

Shangazi: Kumbe. Na mi nimejaza soda kwenye friji jana tu

Baraka: 😂😂 wape wageni. Shida yangu ni kliniki, ya sukari na ya akili siku tofauti na hawaongei wenyewe kwa wenyewe

Dada Mkubwa: Andika dawa zote karatasi moja, uionyeshe kote kote

Mjomba: Ya sukari nakupeleka mimi